Tamthilia haiui ndoto ya filamu: mtazameni Sidney Lumet

Mdau ameuliza kama kijana anayeongoza tamthilia za televisheni anajizibia njia ya filamu, kwa sababu watu wanamwambia atazoea kulipua kazi. Mimi ni mwongozaji msaidizi kwenye tamthilia, na nasema hapana. Ushahidi wangu ni Sidney Lumet, mwongozaji wa filamu wa Marekani.

Lumet, mzaliwa wa 1924, aliigiza jukwaani New York tangu utotoni. Miaka ya 1950 akawa kwenye kituo cha televisheni cha CBS, akiongoza tamthilia zilizorushwa mubashara. Huko hakuna kurudia: mwigizaji akisahau maneno, nchi nzima imeshaona. Ilibidi kila hatua na kila kamera ipangwe mapema.

Nidhamu hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye filamu yake ya kwanza, 12 Angry Men ya 1957. Karibu yote ni chumba kimoja na wanaume 12 wa jopo la mahakama wanaoamua kesi ya mauaji. Walifanya mazoezi wiki mbili, wakapiga picha kwa wiki tatu hivi. Ili kuokoa muda, wakishawasha taa upande wa kiti kimoja, walipiga kila kinachotokea kwenye kiti hicho, mwanzo hadi mwisho wa hadithi. Mtu anagombana na mwenzake ambaye sehemu yake ilishapigwa siku kadhaa nyuma! Bila mazoezi, hasira zisingelingana.

Halafu lenzi. Yeye na mpiga picha wake, Boris Kaufman, walianza na lenzi pana, zinazoonyesha eneo kubwa, kamera ikiwa juu ya usawa wa macho. Kadiri ubishi unavyokolea, lenzi zinakuwa ndefu, zinazovuta vitu karibu, na kamera inashuka, hadi dari linaonekana na kuta zinawabana. Tuliwahi kujaribu hivyo kwenye ugomvi wa mirathi, sebuleni tu, na yule mama mjane alipoinuka kujibu ungedhani chumba kimepungua. Hatukuongeza hata shilingi.

Baadaye zikaja Serpico, Dog Day Afternoon na Network. Aliteuliwa mara nne kuwania Oscar ya uongozaji na hakuipata; 2005 wakampa ya heshima, na kwangu walichelewa mno.

Akiwa na miaka 76 alirudi televisheni na tamthilia ya 100 Centre Street, akatumia kamera za dijitali. Teknolojia hiyo akaihamishia kwenye filamu yake ya mwisho, Before the Devil Knows You're Dead ya 2007.

Kijana abaki kwenye tamthilia, ila ambane mtayarishaji wake ampe siku za mazoezi.