Kipimajoto kikisema 95, andika 95

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia kwamba alipima maji yanayochemka, zebaki ikagota kwenye nyuzi 95, akafuta na kuandika 100 kwa sababu ndivyo kitabu kisemavyo. Imeniuma, maana jibu sahihi ni lile alilolifuta.

Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo, yaani mkandamizo, ya hewa iliyo juu yake. Mombasa na Dar es Salaam, usawa wa bahari, kanieneo hiyo ni kama kilopaskali 101, na hapo ndipo 100 ya kitabu inapotoka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko inakandamiza kwa kilopaskali 83 au karibu na hapo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hadi 95. Kadiria hivi: kila ukipanda mita 300, toa nyuzi 1. Ndiyo maana maharagwe yanachelewa kuiva Limuru, na kuongeza kuni hakusaidii: maji yakishachemka, moto wa ziada unazalisha mvuke tu, haupandishi joto. Kinachosaidia ni sufuria ya presha, kwa kuwa inaufungia mvuke ndani.

Kabla ya kukiamini kipimajoto, kijaribu. Ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, zamisha tunguu lake (kile kichwa cha chini chenye zebaki), subiri dakika 2. Lazima kisome 0. Kikisoma 1, jua kina kasoro.

Sasa weka mililita 150 za maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kurudishwa maji) kwenye bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, ya mililita 250, pamoja na vipande vitatu vya kigae kisichong'arishwa. Vitundu vya kigae ndimo mapovu yanamoanzia. Bila hivyo maji hupita kiwango chake kimyakimya, kisha huruka ghafla na kukuunguza. Ukisahau kuvitia, zima moto na uache maji yapoe kwanza. Kigae kikitupwa kwenye maji ya moto, yote hufurika kwa mara moja.

Kipimajoto kishikwe na kibano, tunguu likiwa sentimita 2 juu ya kitako cha bika. Likigusa kioo, unapima joto la kioo. Soma kila sekunde 30, jicho likiwa sawa na ncha ya zebaki. Namba zitapanda, kisha zitasimama hata moto ukiendelea kuwaka. Hapo waliosimama hudhani kifaa kimeharibika! Joto linaendelea kuingia, ila linatumika kuzitenganisha molekuli.

Rudia ukiwa umeyeyusha gramu 9 za chumvi katika maji yaleyale. Kuchemka kutaanza nyuzi 1 hivi juu zaidi, na namba itaendelea kupanda polepole kadiri maji yanavyopungua na chumvi inavyokolea. Maji safi hayafanyi hivyo. Lakini usikimbilie kusema kila kinachosimama ni safi: ethanoli (ile alkoholi ya vileo) yenye maji kiasi cha asilimia 4 kwa uzito nayo husimama, kwenye nyuzi 78.2 ukiwa usawa wa bahari.

Kwenye ripoti, andika namba uliyoiona, na kando yake mwinuko wa mahali ulipopimia.