Yesu alikuwa akimwomba nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Arua. Huku sote wazima, ila baba yako bado anasumbuliwa na goti.

Nimepata ujumbe wako. Unasema mwenzako wa dukani, yule binti wa Bombo, alikuuliza mkiwa mnakunja vitenge: kama Yesu ni Mungu, kule bustani ya Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake, alikuwa akimwomba nani? Alijiomba mwenyewe? Nawe ukakosa la kusema, ukacheka tu.

Swali lake ni zuri, wala usimwone mchokozi. Anza pale mnapokubaliana: Mungu ni mmoja. Yesu alipoulizwa amri iliyo ya kwanza, alianza na maneno yaleyale ya Torati, kwamba Bwana Mungu wetu ndiye Bwana mmoja. Sisi hatuna miungu watatu. Lakini usije ukamjibu, kwa kutaka yaishe upesi, kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina matatu tu ya mmoja anayebadilisha sura. Sabellius alifundisha hivyo katika karne ya 3, Kanisa likamkatalia. Kwa fundisho lake ndipo Yesu angekuwa kweli anajiomba mwenyewe!

Jibu letu ni kwamba Mwana alimwomba Baba. Mwana si Baba, na Baba si Mwana, ila umungu wao ni mmoja, pamoja na Roho Mtakatifu. Tena aliomba akiwa mtu kamili, mwenye hofu na jasho, ndiyo maana akasema, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe."

Kuna aliyetaka kulirahisisha jambo hili. Arius, padre wa Aleksandria, alisema Mwana ni kiumbe, mkuu kuliko vyote, lakini aliumbwa. Inaingia akilini haraka, nakiri. Maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, mji ulio Uturuki ya leo, wakamkana. Ile "aliyezaliwa bila kuumbwa" unayoikimbiza Jumapili ukiwaza chakula cha mchana, ilitiwa kwenye Kanuni ya Imani kwa ajili yake. Na ugomvi haukuishia hapo: Athanasius, askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara 5 kwa kuitetea. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio uliokuja kukaza habari za Roho.

Walikaza hivyo kwa sababu kiumbe, hata kiwe kikubwa namna gani, hakiwezi kutuunganisha na Mungu. Kitatuletea habari zake tu.

Mimi kinachonishika zaidi ni Yohana 17. Kabla ya kwenda bustanini, Yesu anamwambia Baba, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Hebu fikiri. Mbingu hazipo, malaika hawapo, sisi hatupo, na tayari kuna anayependa na anayependwa. Mungu hakutuumba kwa upweke. Gethsemane tunayasikia kwa sauti ya kibinadamu mazungumzo ambayo hayakuwa na mwanzo.

Katekista wetu hupenda kutumia mafiga matatu yanayobeba sufuria moja. Mzee wa watu, namheshimu, lakini figa moja ni theluthi ya jiko, na Mwana si theluthi ya Mungu. Mfano huo usimpelekee mwenzako, ataubomoa mara moja.

Wala usidhani ni lazima ulielewe lote ndipo uamini. Kule Munyonyo, mwaka 1886, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wetu wa Uganda, alimbatiza Kizito, kijana mdogo, kwa Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, wakijua kifo kiko mlangoni. Muda wa kumfafanulia Nikea haukuwapo.

Usimjibu wateja wakiwa wamesimama, tajiri wenu atawafokea. Mkitoka, msomee Yohana 17 yote, umwache aulize tena. Litakalokushinda niandikie.

Na ile dawa ya goti, mpe kondakta wa basi la usiku, baba yako ataifuata stendi asubuhi.

Mama yako