Border Collie na visigino vya watoto

Umeuliza kama mbwa wenu wa aina ya Border Collie ni mkali, kwa kuwa anawang'ata watoto visigino, na kama umrudishe alikotoka. Hapana, huo si ukali, usimrudishe bado. Border Collie akiwazunguka watoto na kuwang'ata kidogo visigino anachunga tu. Ametoka mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na damu yake ni ya kukusanya kondoo: huinama, hukaza macho, hukata njia. Watoto wakikimbia, kwake ni kundi lililotawanyika. Hemp, dume aliyezaliwa 1893 na kusambaza mbegu ya aina hii, alisifika kwa kuchunga kimya kimya, bila makeke.

Mimi nafunza mbwa huku Nyali, Mombasa, na wengi wanaoletwa kwangu wakiitwa wakorofi wamechoshwa na kufungiwa uani tu. Huyu anataka kazi ya akili, si mbio peke yake. Mfunze kuacha kwa amri, mtupie mpira alfajiri au magharibi, maana jua letu na manyoya yale mazito haviendani. Na tafadhali msimnyoe, manyoya humkinga na jua pia.

Ila akinguruma au kutoboa ngozi, hilo ni jingine, mpelekeni kwa daktari wa mifugo.