Ufa ukutani: ninunue vihisi?

SWALI: Mwanangu mhandisi, nina nyumba ya ghorofa hapa Majengo, Moshi, juu wanakaa wapangaji. Masika iliyopita ulitokea ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha. Kijana mmoja anataka kunifungia vihisi, vifaa vinavyopima ukuta na kutuma taarifa kwenye simu. Anasema nikishavifunga nilale usingizi. Ninunue?
Mama mwenye nyumba, Majengo

JIBU: Shikamoo mama. Usinunue kwanza.

Vihisi vyenyewe ni vya kweli, tena navipenda. Daraja la I-35W la Minneapolis, Marekani, lilianguka Agosti 2007, likaua watu 13. Jipya lililofunguliwa 2008 likawekewa vihisi zaidi ya 300. Kuna aina ambayo ni utepe mwembamba wa metali uliogandishwa kwenye chuma: chuma kikivutika, utepe nao unavutika, umeme unapita kwa shida zaidi, na mashine inasoma tofauti hiyo. Ila kule wapo wataalamu wa kuzitafsiri namba. Wewe ukipata ujumbe saa nane za usiku, utamuuliza nani?

Kwa sasa tunataka kujua kama ufa unatembea. Fundi abandue plasta kidogo, maana pengine ni plasta tu iliyopasuka. Kama tofali nalo limepasuka, akaze skrubu mbili kwenye tofali, moja kila upande wa ufa. Pima nafasi kati ya skrubu hizo kwa kalipa, kile kipimo chenye taya cha mafundi vyuma. Rula haitoshi, tunatafuta hata nusu milimita. Pima kila Jumamosi alfajiri, saa ileile, kwa sababu jua la mchana hutanua ukuta na kukudanganya. Andika daftarini, na mvua za wiki hiyo pia. Ncha ya ufa itie alama ya penseli na tarehe.

Ufa wa namna hiyo mara nyingi ni msingi unaodidimia upande mmoja. Angalia maji ya paa yanamwagikia wapi. Yakiwa yanatuama kwenye msingi, yaelekeze mbali leo hii.

Lakini mama, ukiona ufa kwenye nguzo au bimu, au zege linabanduka hadi nondo zinaonekana, usipime chochote. Watoe wapangaji siku hiyohiyo.

Hela ya vihisi mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje aone. Akisema kihisi kinahitajika, atachagua aina na mahali pa kukifunga. Daftari lako mpe aanze nalo.