Kuingia soko la hisa la Marekani kwa mlango wa uani: chunguza kampuni tupu kabla ya kutia saini

Wauzaji wa kampuni tupu, yaani kampuni ya umma isiyo na biashara ambayo kampuni binafsi huungana nayo ili iingie sokoni, husifia kitu kimoja, muda. Utaingia sokoni kwa miezi michache, wanasema, bila ule mzunguko mrefu wa kuuza hisa kwa umma mara ya kwanza. Lina ukweli wake hilo. Wasichokitaja ni kwamba kampuni tupu haikuletei mtaji. Unapata wanahisa na usajili kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani, basi. Fedha utazitafuta mwenyewe, na ni vyema mkataba na wawekezaji ukamilike siku ile ile ya muungano.

Utaratibu wenyewe si mgeni kwetu: benki ya I&M iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2013 kupitia City Trust, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa imeorodheshwa tayari. Marekani, kampuni ya umma, yaani ile tupu, huanzisha kampuni tanzu, tanzu hiyo ikaungana na kampuni yako, na yako ndiyo inayobaki hai. Wanahisa wako wanapewa hisa mpya za kampuni ya umma, mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya hisa zote. Faida ya mzunguko huu ni kwamba leseni na mikataba yako hubaki kwa mwenyewe yule yule kisheria. Hata hivyo, soma kila mkataba wa mkopo na wa pango: mingi ina kifungu kinachotaka ridhaa ya upande wa pili umiliki unapobadilika.

Sasa kampuni tupu yenyewe. Haina shughuli, lakini ina historia, na historia hiyo unairithi yote. Omba kwa msajili wa hisa orodha kamili ya wanahisa na kila hisa iliyowahi kutolewa, kisha ilinganishe na maazimio ya bodi. Angalia kodi ya mwaka ya jimbo ilikosajiliwa, kesi mahakamani na madai ya wakaguzi wa zamani. Ikiwa kampuni ilikuwa imekufa ikafufuliwa kwa amri ya mahakama na mtu asiye mwanzilishi, wakili wako asome jalada lote la kesi.

Kinachoumiza zaidi ni hati za mkopo zinazogeuzwa kuwa hisa. Chukua kampuni tupu yenye hisa milioni 5. Nyinyi mnapewa milioni 95, yaani asilimia 95. Kumbe kuna hati ya dola 200,000 inayogeuzwa kwa nusu ya bei ya soko. Hisa ikiwa senti 10, mkopeshaji anapata hisa milioni 4. Ikishuka hadi senti 2, anapata milioni 20, nanyi mmebaki na asilimia 79. Naye akiuza, bei inazidi kushuka. Dawa yake ni kutaka hati zote zilipwe au zifutwe kabla ya kufunga mkataba, na sehemu ya bei ya muuzaji ishikiliwe na wakala kwa mwaka mzima.

Kodi nayo ina kizingiti chake. Ili wanahisa wako wasitozwe kodi siku ya kubadilishana hisa, moja ya masharti ni kwamba angalau asilimia 80 ya hisa za kampuni yako zinunuliwe kwa hisa za kampuni ya umma zenye haki ya kupiga kura. Mbia mkubwa akitaka alipwe taslimu, piga hesabu hiyo kwanza.

Baada ya kufunga, una siku 4 za kazi kuwasilisha kwa SEC Fomu 8-K, ripoti ya tukio kubwa, yenye maelezo yote ambayo kampuni mpya ingetoa katika Fomu 10, fomu ya kusajili hisa: biashara, hatari, wakurugenzi, na hesabu zilizokaguliwa, kwa kampuni ndogo za miaka 2. Siku 71 za nyongeza wanazopata wanunuzi wengine wa biashara hazipo kwa kampuni tupu. Mkaguzi lazima awe amesajiliwa na PCAOB, bodi inayosimamia wakaguzi wa kampuni za umma za Marekani. Hesabu zilizokaguliwa na asiyesajiliwa hurudiwa upya, na hapo ndipo ratiba nyingi hufia. Usifunge mkataba kabla fomu nzima haijawa mezani, imekamilika.

Mabadiliko ya jina au kupunguza idadi ya hisa yanahitaji taarifa kwa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa, siku 10 kabla. Tangu tarehe 1 Julai 2024 kuna kanuni nyingine, 145a: ikiwa kampuni tupu inatoa taarifa kwa SEC, muungano unahesabiwa kuwa ni kuwauzia hisa hata wanahisa wake wa zamani. Kwa hiyo utahitaji kusajili hisa hizo, au msamaha wa usajili unaowahusu nao pia. Msamaha wa kanuni ya 506(b), ambao wengi huutegemea, hauruhusu zaidi ya watu 35 wasiotimiza vigezo vya utajiri au kipato. Kampuni yenye mamia ya wanahisa wadogo haifai kwa njia hiyo.

Waelezeni wafanyakazi na wawekezaji mapema kuhusu kanuni ya 144: hisa zisizosajiliwa za iliyokuwa kampuni tupu haziuzwi kwa kanuni hiyo mpaka miezi 12 ipite tangu maelezo ya Fomu 10 yawasilishwe. Hata baada ya hapo, ripoti moja ya mwaka au ya robo mwaka ikikosekana, mlango unafungwa tena.

Nasdaq na NYSE, masoko makubwa ya hisa ya Marekani, pia yana subira yao kabla ya kukuorodhesha, iliyowekwa Novemba 2011 baada ya kashfa za kampuni za China zilizopita njia hii. PCAOB ilihesabu 159 kati ya Januari 2007 na Machi 2010. Ni mwaka mzima wa kuuzwa nje ya masoko hayo makubwa, ripoti zote kwa wakati, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za mwaka kamili wa fedha. Bei nayo ishikilie kiwango cha soko husika, kwa kawaida dola 4, kwa siku zisizopungua 30 kati ya 60 za mwisho za biashara. Anayeweza kuuza hisa za dola milioni 40 kwa dhamana kamili ya benki ya uwekezaji husamehewa subira hiyo, ingawa mwenye uwezo huo kwa kawaida hakuwa na haja ya kampuni tupu.