Joto la tangi limehamia chumbani

SWALI: Nina bodi nne za Arduino Uno, kila moja ina kihisi chake cha joto, na zote nimezichomeka kwa USB kwenye kompyuta moja ya Linux. Programu yangu ya Python inasoma poti ya kwanza, ya pili, hadi ya nne, halafu inarudia. Juzi nilizima kompyuta, na nilipoiwasha joto la tangi likawa linaandikwa kwenye safu ya chumba. Tena vipimo vinachelewa. Je, niongeze kasi ya poti kutoka 9600?

JIBU: Kasi iache kwanza. Kwa 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, kila baiti hubebwa na biti 10, kwa hiyo zinapita baiti 960 kwa sekunde. Mstari wa baiti 14 unamalizika kwa milisekunde 15 hivi. Kipimo cha joto hakihitaji zaidi ya hapo.

Hilo la safu kubadilishana liliwahi kuniharibia rekodi za wiki nzima, na liliniuma kwa sababu namba zote zilionekana za kawaida. Majina ya poti kama ttyACM0 na ttyACM1 hugawiwa kwa zamu: bodi inayotambuliwa kwanza huchukua 0. Ukizima kompyuta au ukichomoa kebo, zamu inaweza kubadilika. Tazama ndani ya folda ya /dev/serial/by-id. Majina ya humo hubeba namba ya utambulisho ya bodi yenyewe. Lakini bodi nyingi za bei nafuu zenye chipu ya USB ya CH340 hazina namba hiyo, na mbili zinazofanana hugombania jina moja. Kwa hizo tumia /dev/serial/by-path, inayofuata tundu la USB, nawe uandike alama kwenye kila tundu na kebo yake.

Hata hivyo, mimi sitegemei poti peke yake. Bodi ijitaje. Kila mstari utoke hivi:

T2,1507,24.6

Jina la bodi, namba ya kipimo, kisha joto. Ile namba ya katikati ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana: ukiona 1507 inafuatwa na 1510, ujue vipimo viwili vimepotea njiani, na unajua ni vya bodi gani.

Kuchelewa kunatokana na kusubiriana. readline, amri ya Python ya kusoma mstari mmoja, husubiri hadi mstari uishe, na usipoiwekea kikomo cha muda, bodi moja ikinyamaza zote zinakwama. Wakati huo mistari ya nyingine inarundikana kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ya poti, kwa hiyo unasoma joto la zamani ukidhani ni la sasa hivi. Kila poti ipe uzi wake, yaani sehemu ya programu inayoendeshwa sambamba na nyingine (threading ya Python). Uzi uandike saa pale pale mstari unapoingia, kisha uuweke kwenye foleni moja. Anayeandika kwenye faili awe mmoja tu, anayesoma ile foleni.

Kumbuka pia kwamba Uno hujiwasha upya poti inapofunguliwa. Subiri sekunde 2, futa kilichomo kwenye bafa, na mstari wa kwanza utupe, maana huenda umekatika.

Ukimaliza, chomoa kebo ya T3 programu ikiwa inaendelea. T1, T2 na T4 zisikose hata namba moja.