Udongo wa miombo kwa shamba la mizabibu Tabora

Ndugu wa Urambo, umeuliza kama uchote udongo chini ya miombo, panapoota uyoga, uutie kwenye mashimo ya mizabibu uliyoitoa Dodoma, ili urudishe uhai katika shamba lililokuwa la tumbaku.

Wazo lina mantiki, ila mzabibu hautafaidika sana. Fangasi wanaotoa uyoga ule huivika kwa nje mizizi ya miti ya miombo kama mtundu, ilhali mzabibu hushirikiana na kundi jingine la fangasi, lisilotoa uyoga kabisa, ambalo huingia ndani ya seli za mzizi, likaupatia fosforasi na kupokea sukari. Fangasi hao wa mzabibu kwa kawaida wamo tayari shambani, hasa palipolimwa mahindi au karanga. Kinachowadhoofisha ni kugeuza udongo mara kwa mara, kwa kuwa jembe hukata nyuzi zao, pamoja na mbolea nyingi ya fosfati.

Mimi ningehofia zaidi minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni wanaoifanya mizizi ivimbe vinundu, ambao hushambulia tumbaku na mzabibu vilevile. Ng'oa masalia ya tumbaku. Ukikuta mizizi ina vinundu, ahirisha kupanda mizabibu, kwanza uoteshe marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopunguza minyoo hao, kwa msimu mzima, kisha uyalaze shambani. Udongo wa kichanga una chakula kidogo cha bakteria, hivyo ongeza samadi iliyoiva na matandazo.

Mrututu, ile dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, nao utumie kwa kiasi: shaba haiozi, na mashamba ya zamani ya Ufaransa, yaliyonyunyiziwa tangu miaka ya 1880, bado yanayo kwenye tabaka la juu.